Waya Unaopita Kando ya Sikio Langu

Kituoni, 9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi sijambo, isipokuwa usingizi. Mama ameniandikia kwamba kikohozi kimepungua, na kwamba dada ameota jino la mwisho na kwa sababu hiyo hasemi na mtu yeyote hapo nyumbani, kana kwamba sisi ndio tuliolipanda.

Huu ni mwezi wangu wa nne hapa. Kituo ni nyumba ya vyumba vitatu juu ya kilima, na nyuma yake mlingoti wa chuma mrefu kuliko kitu chochote kinachoonekana kutoka hapa. Chumba kimoja ni cha mkuu wa kituo. Cha pili kina redio ya mawasiliano: zahanati tisa za mabondeni huongea nayo, na Opareta wetu akipokea taarifa ya mgonjwa mahututi, huita gari la wagonjwa kwa redio hiyohiyo. Cha tatu ni stoo ya rangi. Mkuu wa kituo anapenda rangi kiasi kwamba sote tunamwita Mzee Brashi, yeye akiwa hayupo. Kwa kuwa stoo imejaa madebe, meza yangu ya ukarani imewekwa chumba cha redio. Simu hazishiki huku, ndiyo maana nakuandikia. Gari la dawa huchukua barua kila baada ya wiki mbili, likifanikiwa kupanda.

Sasa nina swali. Si langu. Ni la rafiki yangu, naye pia ni karani, katika kituo kingine. Wewe ulikuwa fundi wa mitambo ya redio kwa miaka ishirini na sita, nami nimemwambia hakuna anayejua kama wewe. Anauliza: kuna waya mnene wa shaba unaotoka kwenye rafu ya redio, unapita ukutani, unatoka dirishani na kuingia ardhini. Je, ikitokea waya huo umekatika, kwa bahati mbaya, ndani ya chumba, kuna tatizo lolote?

Anauliza kwa sababu kuna fomu ya ukaguzi ya kila robo mwaka, na kipengele cha kumi na nne kinasema: "Waya wa ardhini." Yeye aliandika "Uko sawa" na kutia sahihi, kama walivyoandika makarani wote waliomtangulia. Fomu imebandikwa ukutani. Mwishoni mwa Mei mkaguzi atakuja, na siku hiyohiyo itaamuliwa kama atathibitishwa kazini au atarudi nyumbani kumsaidia mama yake kukohoa. Mvua kubwa huanza katikati ya Machi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.

—

Nyumbani, 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Goti liko palepale. Jirani yangu amenunua jogoo asiyejua saa, anawika mchana kutwa. Nimemwambia nitamtengeneza jogoo wake kama ninavyotengeneza redio, yaani kwa kufungua kwanza. Tangu siku hiyo hatusalimiani vizuri.

Huyo rafiki yako ni mjinga. Mpe salamu zangu.

Mwambie hivi. Waya ule mafundi tunauita ethi, na kazi yake ni moja: kuipa radi njia. Mlingoti mrefu juu ya kilima utapigwa, leo au mwakani, waya uwepo usiwepo. Radi ikishafika haiulizi kama ulijiandaa. Ikikuta waya mnene, mfupi, ulionyooka, itashuka nao na kuishia udongoni bila kumsumbua mtu. Isipoukuta, itateremka na waya wa antena mpaka ndani ya redio, kisha itatafuta njia nyingine ya kufika chini: soketi ya ukutani, mguu wa meza, mguu wa karani.

Kwa hiyo ndiyo, kuna tatizo lolote.

Na tena waya ule haukatiki kwa bahati mbaya. Ni mnene kama kidole changu cha mwisho. Nimeona mbuzi akila waya wa simu, lakini ethi ya shaba mbuzi hali. Rafiki yako aniambie umekatwa na nini, na alama ya mkato ikoje. Atoke pia nje, mchana, jua likiwaka, aangalie waya unaelekea wapi na umefungwaje kule chini. Asiguse. Aangalie tu, aandike anachokiona, si anachokidhani.

Umeniomba nije? Hukuniomba, lakini najua utaomba. Siwezi. Goti.

Shangazi yako.

—

Kituoni, 6 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa jogoo. Mama anakusalimu. Dada ameanza kusema tena, na nyumba nzima sasa inatamani jino lingine.

Rafiki yangu anakushukuru sana, ila barua yako ilimkosesha chakula kwa siku mbili. Kwa bahati njema, kituo chake na chetu vimejengwa kwa ramani moja, kwa hiyo nimekwenda kumwangalizia hapahapa kwetu.

Mkato ni wa msumeno mdogo wa chuma. Ni mkato safi, nadhifu, wa mtu aliyetumia rula. Juu yake pamezungushwa utepe mweusi, kisha pamepakwa rangi ya ukuta.

Nje, waya ukishatoka dirishani haushuki moja kwa moja. Umezungushwa mduara, mizunguko kumi na moja, ukafungwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari. Mzee Brashi anasema waya ulikuwa mrefu mno na yeye hapendi vitu vinavyoning'inia. Kutoka hapo unashuka kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini. Mguu wa mlingoti una fimbo yake nyingine, hatua nne kutoka ile ya kwanza, na baina ya fimbo hizo mbili hakuna kitu ila mawe yaliyopakwa chokaa.

Kibano kinachoshika waya kwenye fimbo sikukiona vizuri kwa sababu ya rangi. Nilipokuwa nimepiga magoti nikikitazama, nikasikia viatu vya Mzee Brashi nyuma yangu.

"Karani, umeangusha nini?"

"Sijaangusha, mzee. Natazama kibano."

"Kina kasoro?"

"Hapana, mzee. Rangi yake inapendeza sana."

Akachuchumaa kando yangu, akakipapasa kama mtu anayepapasa shavu la mjukuu. "Huo ni mkono wa tisa wa rangi. Kila robo mwaka nakipa mmoja. Shaba ya ndani haijawahi kuguswa na hewa tangu nifike hapa."

"Na umeme je, mzee?"

"Umeme gani?"

"Nilisema tu, mzee."

Shangazi, huwezi kuja hata kwa siku moja? Dereva wa gari la dawa anasema atakupa kiti cha mbele, na goti lako litanyooka kabisa, maana hapo mbele kiti ni kimoja na dirisha halina kioo cha kuuzuia mguu.

Wako, kwa niaba ya rafiki.

—

Nyumbani, 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jogoo amehama. Sikumgusa.

Sasa tumwache huyo rafiki apumzike, amefanya kazi kubwa. Mkato wa rula? Tangu ukiwa darasa la tatu ulikuwa unakata mkate kwa rula. Umeukata wewe. Utaniambia kwa nini ukiwa tayari, lakini usichelewe, maana mvua haitakusubiri umalize kuona haya.

Soma sasa polepole. Huo mduara wa kumi na moja ni wazimu. Radi ina haraka, haina subira ya kuzunguka mara kumi na moja. Ikifika kwenye mduara itaruka kando, na kando ni dirisha lako. Lakini huo wazimu ndio utakaokuokoa. Ukiufungua utapata waya wa ziada. Vuta sehemu yake irudi ndani ya dirisha mpaka kwenye rafu ya redio, ukiwa mzima, usio na kiungo, na kile kipande ulichokikata ukitupe mbali na macho yangu. Usiukunje kwa kona kali. Ukipinda, upinde taratibu kama barabara ya mlimani. Sehemu nyingine ya ziada iunganishe fimbo zote mbili, ile ya redio na ile ya mlingoti.

Utauliza kwa nini. Radi ikishuka, ardhi ya pale inapanda umeme kama maji yanavyopanda kwenye kisima. Fimbo zikiwa mbalimbali, moja imepanda na nyingine ingali chini, na redio yako iko katikati kama mtu aliyeweka mguu mmoja juu ya paa na mwingine uani. Itachanika msamba. Ukizifunga pamoja zitapanda pamoja na kushuka pamoja, na redio haitajua kilichotokea. Na waya wa antena nao, pale unapoingia ndani, ganda lake la nje lifungwe kwenye ethi hiyohiyo.

Kisha rangi. Rangi ni adui. Kibano kilichokaa juu ya rangi hakijashika chochote, kimeegemea tu. Kwangua mpaka shaba ing'ae kama sarafu mpya, piga msasa, kaza boliti mpaka mkono uanze kuuma. Nakutumia vibano vitatu vya shaba ndani ya soksi.

Jambo la mwisho. Fomu ile. Redio siyo tatizo langu kubwa, redio zinanunuliwa. Lakini umeandika "uko sawa" ukutani, na kuna mtu anakaa chini ya maneno hayo kila siku akiyaamini. Utayafuta.

Siwezi kuja. Kuku wanaangua.

Shangazi yako.

—

Kituoni, 2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako na soksi vimefika jana tu, gari lilikwama mtoni siku tisa. Dereva ananisalimia kwa wasiwasi. Alipapasa soksi na sijui aliamua ni kitu gani. Mama ni mzima.

Ni kweli. Niliukata mimi.

Nitakueleza kama nilivyofikiri, ili angalau uone kwamba nilifikiri. Waya ule unapita shibiri moja kutoka sikio langu la kushoto. Mwezi wangu wa kwanza hapa ulikuwa na mvua ndogo, na kila mbingu zilipounguruma niliutazama. Shuleni tulifundishwa kwamba umeme wa radi unatafuta ardhi. Fizikia nilipata alama za juu, unakumbuka, mama alibandika cheti sebuleni. Basi nikasema moyoni: radi inatafuta ardhi, na njia ya ardhi inapita sikioni mwangu. Kama njia haipo, radi haina sababu ya kuja. Ni kama kung'oa kibao cha duka ili wateja wasifike. Jumamosi moja mchana, Opareta akiwa amekwenda kuteka maji na Mzee Brashi akikoroga rangi, nikachukua msumeno. Wiki iliyofuata fomu ikaja, nikaandika "Uko sawa", kwa maana kwangu mimi ndipo ulipokuwa sawa kweli.

Umecheka? Najua umecheka. Cheka tu, lakini usimwambie mama.

Mvua kubwa zimeanza. Juzi radi ilipiga mti ng'ambo ya bonde, ukapasuka toka juu mpaka chini. Opareta aliutazama mti ule, kisha akaitazama fomu ukutani, akasema, "Heri yetu sisi tuna ethi." Akaendelea kusuka nywele. Nilitoka nje nikakaa kwenye mvua.

Asubuhi ya leo nilimwendea Mzee Brashi.

"Mzee, naomba ruhusa ya kukwangua rangi kwenye vibano."

Alinitazama kana kwamba nimeomba kumkwangua yeye. "Mkaguzi anakuja Mei."

"Ndiyo, mzee."

"Unataka akute chuma uchi?"

Nikarudi mezani nikafanya jambo pekee ninalolijua, nikaandika barua ya kiofisi, nakala tatu: *Maombi ya Kuondoa Rangi ya Zamani kwa Ajili ya Maandalizi ya Upakaji Bora Zaidi.* Alisoma akiwa amesimama. Aliposoma neno "maandalizi" akakaa. Akasema katika miaka yake yote ya utumishi hakuna karani aliyewahi kuelewa kwamba siri ya rangi ni maandalizi. Amekubali, amenipa na brashi ya waya ya kwake mwenyewe. Tatizo ni kwamba nikimaliza atapaka mkono wa kumi. Je, nimzuie? Na nimzuieje?

Jambo jingine dogo, shangazi, na nisamehe. Mama ameandika kwamba radi zikinguruma wewe huwa unaingia chini ya kitanda. Nadhani amechanganya na mtu mwingine.

Mtoto wa kaka yako, mwenye hatia.

—

Nyumbani, 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kuku kumi na wawili, wote wazima. Paa linavuja upande mmoja.

Sikucheka. Nililia, na jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Usimzuie mzee wa watu. Apake! Maji na hewa vikiingia kwenye kiungo, shaba inaota ukungu wa kijani na kibano kinalegea. Rangi ni adui ikiwa katikati ya shaba na shaba. Juu yake, baada ya kukaza, ni blanketi. Kwa hiyo kwanza ukwangue, pili ukaze, tatu umwite, na umsimamie mpaka aridhike. Hiyo barua yako ya nakala tatu ni kazi safi. Mimi ningegombana naye miezi miwili.

Usiguse waya wowote wingu likiwa karibu. Ukisikia mngurumo, umechelewa, ingia ndani ukae mbali na ukuta wa redio. Na Opareta achomoe waya wa antena mapema, kabla ya mvua, si wakati wake. Ethi nzuri haimpi mtu ruhusa ya kujitia shujaa.

Mama yako anaongea sana.

Siwezi kuja. Paa.

Shangazi yako.

—

Kituoni, 29 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nitaandika salamu baadaye.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili. Tarehe ishirini na tatu kulikuwa na jua tangu asubuhi mpaka saa tisa, nikafanya yote. Rangi ilitoka kwa vigae kama ganda la yai. Boliti nilizikaza, nikaondoka, nikarudi kuzikaza, nikanywa chai, nikarudi. Mzee Brashi alinisubiri na debe lake kama daktari anayesubiri ndugu watoke wodini. Fimbo zote mbili sasa zimeshikana mikono chini ya mawe meupe.

Tarehe ishirini na sita, saa nane mchana, mkunga wa zahanati ya mbali kabisa akaita. Ana mama mjamzito, damu haikatiki, anataka gari. Opareta akaanza kuandika. Nje wingu lilikuwa limekuja kwa nyuma ya kilima, upande tusiouona, na mngurumo wa kwanza ulitikisa vikombe. Kanuni ni kuchomoa antena. Lakini mkunga alikuwa bado hajataja njia. Daraja moja limebebwa na maji, na dereva asipojua lipi, atafika kesho.

Opareta akaweka mkono juu ya plagi ya antena. Hakuangalia redio. Aliangalia fomu ukutani, penye sahihi yangu, kisha akanigeukia.

"Karani, ule waya uko sawa kweli?"

Shangazi, angeniuliza swali lile siku nne kabla, ningejibu nini? Ndilo linalonitetemesha mpaka sasa, radi siyo. Ningesema ndiyo. Nina hakika ningesema ndiyo, kwa sababu ya mkaguzi.

Nikasema, "Uko sawa. Nimeukaza mara tatu. Lakini mwambie ataje daraja kwa neno moja, uchomoe."

"Mkunga, daraja gani?"

"La juu! Wapite la chini!"

Dereva akajibu kwenye redio ya gari kwamba amesikia. Opareta akachomoa, akautupa ule mwisho wa waya mbali, tukarudi nyuma mpaka mlango wa stoo. Mzee Brashi alikuwa ameshajibanza humo kati ya madebe. Sijui ilipita dakika moja au nusu yake. Kisha chumba kikawa cheupe. Mlio haukuwa wa kunguruma, ulikuwa kama mtu amepasua ubao mmoja mkubwa sana juu ya kichwa changu. Nilijikuta nimemkumbatia Mzee Brashi. Yeye pia alikuwa amenikumbatia. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo tangu siku hiyo.

Mlingoti ulikuwa umepigwa. Tulisubiri mpaka mvua ikapita kabisa, na Opareta akarudisha antena, akawasha. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Zahanati, mnatupata?"

"Tunawapata. Gari ndilo hilo, naliona linashuka. Mbona mlikaa kimya?"

"Tulikuwa na mgeni," Opareta akasema.

Mama yule yuko hai, na mtoto pia. Saa ya ukutani imekufa. Kwenye kibano cha fimbo ya mlingoti rangi imeungua doa kubwa kama kitufe cha shati, na Mzee Brashi amekwenda kulitazama mara nne.

Jana nilichukua fomu mpya ya robo hii. Kwenye kipengele cha kumi na nne niliandika: "Sasa uko sawa. Robo iliyopita haukuwa sawa. Niliukata mimi mwenyewe kwa msumeno, kwa hofu, kisha nikaandika uwongo. Umerekebishwa tarehe 23 Aprili." Nimetia sahihi na kuibandika juu ya ile ya zamani. Opareta aliisoma yote. Jioni akasema, "Kumbe nimekaa miezi minne hivi hivi," na hajanipa chai yake tangu hapo. Nadhani nimejifukuzisha kazi. Mama nitamwambia nini?

Salamu: tu wazima.

—

Nyumbani, 8 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Mama yako utamwambia ukweli, utaanza na yule mtoto aliyezaliwa, halafu utashuka kwenye msumeno. Opareta mwache akasirike, ana haki yake, na usimkimbilie na zawadi. Kila asubuhi kague kibano mbele ya macho yake. Ataona.

Chini ya kitanda: ndiyo. Miaka ishirini na sita. Na mto juu ya kichwa. Kama ningekuja huko kwako wakati wa mvua ungenikuta chini ya meza yako, na ungekosa mwalimu. Goti ni zima kabisa, nililitumia jana kumkimbiza kuku.

Nilikuwa na wenzangu wanaume kazini, mashujaa, walikuwa wanapanda mlingoti huku wingu linakuja wakipiga mluzi. Boliti zao nilikuwa nazikuta zimelegea. Mimi nilikuwa narudi mara tatu, nazishika moja moja, kwa sababu nilijua radi ikija nitakuwa natetemeka, na sikutaka kutetemeka kwa ajili ya boliti. Sikumwambia mtu. Sasa nimekuambia wewe, na hili nalo usimwambie mama yako, ingawa inaonekana analijua kuliko mimi.

Umekaza mara tatu bila mtu kukuambia. Nimeisoma sentensi hiyo na kuirudia.

Niandikie mkaguzi amesemaje, vyovyote itakavyokuwa.

Shangazi yako.

—

Kituoni, 3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama ni mzima, dada ni mzima, nimewaandikia kwa mpangilio ulioniagiza. Mama amejibu kwamba cheti cha fizikia amekitoa sebuleni.

Mkaguzi alikuja tarehe thelathini na moja. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Kituo kilikuwa kinanukia rangi kuanzia getini. Alipita vyumba vyote, akaja kusimama mbele ya fomu. Alifika kipengele cha kumi na nne, akabadilisha miwani, akaanza upya.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi, mama."

"Uliukata kwa nini?"

"Niliogopa radi, mama. Niliona waya ndio unaoileta."

"Ukafuata ushauri wa nani kuurudisha?"

"Wa shangazi yangu."

Mzee Brashi akakohoa. "Mama mkaguzi, kijana huyu anajua maandalizi." Hakuna aliyemuuliza, lakini alisema, na nitamkumbuka kwa hilo.

Opareta naye alikuwa ameketi kwenye redio, ametupa mgongo. Bila kugeuka akasema, "Anakikagua kile kibano kila siku. Anachosha." Kisha akanisogezea kikombe cha chai.

Mkaguzi akafungua mkoba wake, akatoa mafungu ya fomu. "Nina vituo kumi na kimoja," akasema. "Kwa miaka sita kipengele hiki kimejazwa neno lilelile, kwa mwandiko uleule wa haraka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kitu kingine pale. Mwaka huu vituo vitatu vimeunguza redio, na vyote vitatu ukutani vimeandika uko sawa." Akaketi kwenye kiti changu na kuandika kwa muda mrefu, waya ukiwa kando ya sikio lake. Mimi nilisimama.

Alinipa barua mbili. Ya kwanza ni ya onyo kali, inaingia kwenye faili langu na itakaa humo mpaka nistaafu. Ya pili ni ya kunithibitisha kazini. Nilizisoma zote mbili mara kadhaa ili nihakikishe zinamhusu mtu mmoja.

Kisha akatoa ya tatu. Shangazi, kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayekagua ethi za vituo vyote kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine, kabla ya mvua za vuli, na kila kipengele cha kumi na nne kitakuwa na sahihi yangu. Vituo vyote viko juu ya vilima. Nilimwambia ukweli, maana sasa nimezoea.

"Mama, mimi bado naogopa radi. Sana."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akavaa miwani ya kichwani, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Ndiyo," akasema, "nimesoma. Anza na kilima kirefu kuliko vyote."

Mtoto wa kaka yako.